Nilikubali Kuitwa Mlevi Ukweni Ili Nifiche Sindano Zangu

Admin, jina langu lifiche na la mchumba wangu pia, maana watu wa Mbale wako wengi humu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili, Mkenya, kwetu Bungoma. Naishi Mpumudde hapa Jinja na kazi yangu ni kuuza vipuri vya malori. Pombe sijawahi kuonja tangu nizaliwe. Nimeanza na hilo kusudi, mtaona kwa nini linaniuma.

Mwaka jana nilianza kukonda vibaya. Maji nakunywa kama ng'ombe, chooni siishi kwenda, suruali zinanivuka. Moyoni nikasema huu ni ukimwi tu, nikaogopa kupima, hadi nikazimia dukani wakanibeba hospitali. Daktari akasema ni kisukari, lakini si kile kinachowapata wazee. Alinieleza kwamba mwili wangu umeacha kutengeneza insulini, nitajidunga kila siku maisha yangu yote, na nikiacha nitakufa. Mngedhani nilishukuru. Wapi! Wiki hiyo hiyo dereva mmoja rafiki yangu, bila kujua habari zangu, alikuwa anapiga stori dukani kwamba mwanaume mwenye sukari kitandani ni bure kabisa. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Tangu hapo nikafunga mdomo. Insulini naiweka kwenye friji ya soda ya mama wa duka jirani, nilimwambia ni chanjo ya kuku. Huwa ananiuliza nitamletea mayai lini.

Hata mchumba wangu sikumwambia. Yeye ni mwalimu wa chekechea, kwao ni Mbale, nyumba ya walokole. Baba yake ni askari magereza mstaafu, mtaa mzima unamwita Afande. Dada yake mkubwa aliolewa na mlevi, akapigwa hadi jicho moja likaharibika, kwa hiyo pale nyumbani hata chupa tupu ya bia haiingii.

Sasa ikafika siku ya kutambulishwa ukweni, ile Waganda wanaita kwanjula. Niliambiwa tukifika tu tunakaribishwa chakula, kwa hiyo nilijidunga kabisa kule lojingi tulikolala mjini, nikavaa kanzu na koti, tukaenda. Mashangazi wakatusimamisha getini. Nyimbo, maswali, utani, nani amewaita, mmepotea njia nyinyi. Jua likatuwakia hapo. Tulipoingia hatimaye, hotuba zikaanza. Insulini bila chakula huishusha sukari kupita kiasi; nilisikia inashuka, mikono inatetemeka, jasho linalowesha kanzu. Peremende nilikuwa nazo mfukoni, lakini niliona haya. Bwana harusi mzima nitafune peremende mbele ya wazee kama mtoto wa chekechea?

Yaliyofuata nimesimuliwa. Wanasema nilianza kuongea ovyo, nikamkatiza msemaji wetu, nikamwita Afande "konda" kama niko ndani ya matatu. Halafu nikainuka nikapepesuka hadi kwenye mkeka alipokaa mama mkwe, nikamwangukia, nikamshika bega, nikampokonya soda yake nikainywa yote. Ambao si wa huku huenda mkacheka. Kwetu na kwao desturi ni moja: mkwe na mama mkwe hawagusani, hawapeani mkono, hata njiani wanapishana kwa mbali. Na mimi nilimlalia mama wa watu mbele ya ukoo mzima.

Ile soda ndiyo iliyonirudishia akili. Nilizinduka nikakuta mama amejifunika leso usoni analia, mchumba wangu amesimama mlangoni. Afande akaja karibu, akaniuliza kwa kile Kiswahili chake cha kambini: "Kijana, wewe nakunywa pombe?"

Jamani, hapo ndipo nilipopewa nafasi. Ilikuwa ni kusema tu, hapana Afande, mimi ni mgonjwa. Nikaangalia wale wanaume wote, nikakumbuka yale maneno ya dereva, nikasema, "Ndiyo, Afande. Nisamehe."

Nilidhani watanifukuza yaishe. Hawakunifukuza, kwa sababu mchumba wangu alipiga magoti akaniombea. Mlevi aliyetubu wanamjua, kanisani kwao wapo wengi. Afande akatoa sharti: niingie mfungo mkavu wa siku tatu pale kanisani Mbale, niombewe pepo la pombe litoke, halafu Jumapili nishuhudie mbele ya watu. Mfungo mkavu maana yake ni bila chakula, bila hata maji. Na mfuko wa kila anayeingia unakaguliwa, wasije wakaficha chupa.

Nimefikiria hadi kichwa kinauma. Nikijidunga bila kula, nitaanguka pengine nisiamke. Nisipojidunga, daktari alishanieleza. Nikienda na sindano, zitaonekana, na hapo nitakuwa mlevi na mvuta unga pia. Nisipoenda, ndoa hakuna. Mtaniambia sema ukweli. Najua. Lakini naona aibu kuliko siku ile dukani, maana sasa si ugonjwa tu, nimedanganya hata mbele ya machozi ya mama mkwe.

Leo mchana mchumba wangu amenipigia. Anasema ameanza kufunga kabla yangu.

"Hata chai sijaonja tangu jana," akaniambia. "Nataka Mungu aone tuko wawili."

Nikamwambia asante. Nikakata simu, nikavuta sahani yangu ya ugali nikala hadi nikamaliza, kwa sababu nilikuwa nimeshajidunga.

Mfungo ni keshokutwa. Ndugu zangu, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nianze na nani, yeye au Afande? Na mtu aliyekaa njaa kwa ajili ya dhambi ambayo sijawahi kuitenda, namwambiaje ale?