Kumtafutia Bibi Season

Mimi ukiniuliza season gani nzuri, hizi tamthilia za vipande vipande, nakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Ndiyo kazi yangu. Nina kibanda Sokon I, kompyuta moja na feni moja inayolalamika, na watu wanakuja na flash zao wananiambia, "Chalii, niwekee kitu kikali." Shule niliishia darasa la saba, lakini mtu akisimama tu mlangoni nishamjua. Dada amevimba macho, huyo ameachwa, mpe ya Kikorea akalie na wenzake. Kijana anatingisha mguu, mpe ya kutoroka gerezani. Mzee anayesema anamchukulia mjukuu, mpe ya ngumi na usimwangalie usoni.

Mimi mwenyewe sijawahi kumaliza hata moja. Naangalia mwanzo, naruka katikati, nachungulia mwisho, basi. Kukaa chini siwezi. Mama anasema nilizaliwa nimesimama.

Kwa hiyo bibi alipovunjika mguu, nyumbani wakaniambia nimtafutie kitu cha kuangalia, niliona ni kazi ya nusu saa.

Bibi anakaa juu mlimani. Ukifika Makumira unakata kushoto, unapanda mpaka masikio yanaziba. Aliteleza kwenye tope, mzigo wa majani ya ng'ombe ukiwa kichwani. Mguu ukafungwa hogo, ile plasta nyeupe ngumu kama ukuta, mama akamleta kwetu Sekei. Daktari alituambia wote pamoja: mguu huu usikanyagwe mpaka niseme mimi. Ukikanyagwa mapema mfupa utaunga vibaya, na huyu mama hatapanda mlima tena.

Wote tukaitikia. Bibi hakuitikia. Aliuliza, "Na ng'ombe?"

Ng'ombe alibaki na mjomba. Tulimwambia bibi asiwe na wasiwasi, na hapo ndipo wasiwasi ulipoanza. Mama asubuhi anaenda kuuza mitumba, mimi nabaki naye hadi mama arudi ndiyo nikafungue kibanda. Siku ya kwanza niliingia jikoni kuchemsha chai, kurudi nikamkuta bibi yuko mlangoni. Amekwenda kwa makalio, anajisukuma na mikono, mfuko wa nguo shingoni, khanga imeshakusanya vumbi lote la sebuleni.

"Unaenda wapi bibi?"

"Naangalia hali ya hewa."

"Na mfuko?"

"Mvua ikinyesha."

Nikamrudisha kwenye kochi, nikawasha TV.

Jirani yetu, mama mmoja wa Tanga anayeongea Kiswahili kama anakipaka siagi, alikuja na ushauri wake. "Mwanangu, mpe bibi ya Kituruki. Imetiwa sauti za Kiswahili, hana haja ya kuhangaika." Tukaweka ya Kituruki. Kijana mzuri akamwangalia binti, muziki ukalia, akamwangalia tena.

"Mbona haongei?" bibi akauliza.

"Anampenda, bibi."

"Si aseme. Chai inapoa."

Nikaweka ya Kihindi. Akasema hawa wanapikaje na dhahabu zote hizo, na kwa nini mtu mmoja akisema neno kila mmoja anaonyeshwa uso, kwani kuna msiba? Nikaweka ya ngumi. Hapo alikaa kidogo, nikaanza kujipongeza. Halafu akasema, "Wana nguvu hivi na hakuna hata mmoja anayelima," akaanza kushuka kwenye kochi.

Nikatoa karata yangu ya mwisho. Ya Kikorea, ile ya mambo ya ikulu zamani, malkia mzee na nywele zake za kusukwa kama kikapu. Shida, haina Kiswahili. Inaongea Kikorea na chini wameandika Kingereza. Bibi hajui kusoma, na mimi Kingereza changu kinaishia kwenye "good morning teacher". Basi nikazima sauti nikaanza kutafsiri mwenyewe, kama wale jamaa wa vibanda vya video wanaoongea juu ya picha. Natafsiri nini? Sijui. Nilikuwa natunga. Kiswahili nachanganya na Kimeru, mawaziri nawapa tabia za wazee wa kwetu, ikulu nikaifanya boma, ugomvi wa kiti cha ufalme nikaufanya mpaka wa shamba.

Bibi akatulia. Tena akaanza kuchangia. "Huyo mwenye ndevu chache ni mwongo." Nami kwa kuwa mtunzi ni mimi, namfanya mwongo kweli. "Nilijua!" anapiga paja lake zima. Jirani akija anaambiwa, "Kaa hapa mama, acha hao wanaoangaliana, uone watu wenye akili."

Mimi sasa ndiye niliyefungwa hogo. Bila mdomo wangu hakuna season. Nikienda chooni naitwa, "Njoo, wanaongea!" Miguu inawasha, simu inalia, wateja wananitukana kwa meseji. Bibi ametulia kama jiwe na mimi nacheza kwenye kiti kama nimekalia siafu.

Siku moja mama alichelewa kurudi, mteja mmoja yuko kibandani anasubiri, ananipigia kila saa. Kwenye TV mtoto wa malkia anapiga magoti mbele ya mama yake, analia. Sikuwa na kitu kichwani. Nikaropoka cha kwanza kilichokuja: "Anasema, mama nisamehe, yule ng'ombe uliyeniachia..." Simu ikatetemeka. Nikanyamaza niikate.

"Enhe," bibi akasema. "Ng'ombe kafanya nini?"

"Aa... hali majani vizuri."

Bibi akanigeukia.

"Zima."

"Bibi, ndiyo inanoga..."

"Zima hiyo TV. Niangalie. Nani amekutuma?"

Hapo lazima ujue kwetu habari mbaya inafikishwaje. Hakuna anayekuja kukwambia fulani amekufa. Unaanza kuambiwa anaumwa kidogo. Baadaye anaumwa sana. Baadaye wanakuja watu wawili wanakaa, wanaongelea mvua, mmoja anakuuliza kama umekula. Babu alipofariki hospitali, bibi alizungushwa hivyo hivyo toka asubuhi. Kwa hiyo aliona ukoo mzima umekaa kikao, wakanituma mimi nimwambie ng'ombe amekufa, kupitia Wakorea.

"Hakuna aliyenituma, bibi. Nilikuwa natunga."

"Utunge ng'ombe? Wale watu pale wana ng'ombe? Toka tumeanza umeona ng'ombe?"

Kweli hatukuwahi kumwona.

Akasimama. Sikuona alivyosimama, nilisikia. Hogo liligonga sakafu, *ko*, kama nyundo. Akapiga hatua na ule mguu, uso ukakunjamana, akapiga nyingine. Nikamkumbatia kiunoni. Bibi yangu ni mfupi lakini amebeba majani miaka yote. Alinikokota mpaka kwenye meza.

"Niache baba, nikamzike ng'ombe wangu!"

"Bibi, mguu!"

"Mguu ni wangu!"

Nikampigia mjomba kwa mkono mmoja. Hapokei. "Hapokei," bibi akasema, machozi yanamtoka. "Ataanzaje kupokea?" Nikapiga tena na tena. Mwishowe akapokea anahema, alikuwa anakata majani. Nikapiga kelele aende bandani, awashe video.

Ng'ombe akatokea kwenye kioo cha simu, anatafuna, hana habari na mtu.

"Huyo si wangu," bibi akasema.

"Mama, ni wako!" mjomba akajibu.

"Mgeuze nione sikio."

Mjomba akamvuta. Sikio likaonekana, lile lenye pengo.

"Amekonda."

"Ni simu, mama. Simu inakondesha."

"Na hayo majani ni ya jana."

Akakaa. Akakaa mwenyewe, taratibu, mkono kwenye paja, akauvuta mguu wenye hogo kama mzigo. Mama aliporudi akapewa habari na jirani kabla hajavua viatu. "Nilikuambia umkalishe," akaniambia. "Hiyo tu. Umkalishe."

Tangu hapo Wakorea wakastaafu. Kila jioni mjomba anapiga video wakati wa kukamua, na bibi anaongoza kutoka Sekei. "Osha mikono. Osha tena. Usimvute hivyo, hiyo si kamba." Jirani anakuja na kiti chake, anauliza leo amekula nini. Mimi kibandani nikawa nafungua mapema, bibi anabaki na jirani, lakini mteja akiniuliza season nzuri namwangalia tu. Nasikia ile *ko*. Nampa ya kutoroka gerezani wakati ameomba katuni.

Siku ya kukatwa hogo sikuingia kwa daktari, nilikuwa natembea koridoni mpaka mlinzi akaniuliza kama mke wangu anajifungua. Mama alitoka akasema mfupa umeunga. Apande mlima? Daktari amesema ajaribu, pole pole, na fimbo.

Tukampeleka wote. Bibi hakuingia ndani, alikwenda moja kwa moja bandani. Fimbo akaiegemeza ukutani. Akavuta kigoda, akashika ubavu wa ng'ombe, akaanza kuchuchumaa. Mama akaziba mdomo kwa mkono. Mimi nilikuwa nyuma yake, mikono mbele kama golikipa wa penalti. Mguu ukakunjika, ukasita, ukakunjika tena. Akakaa.

Tulibaki tumesimama.

"Mnaangalia nini?" akasema bila kugeuka. "Mimi ni Mkorea? Mmoja alete maji ya moto."

Nikatoka mbio, nimefika karibu na mgomba ndiyo nikakumbuka sijauliza yako wapi.