Simbiliki wa Mzee Bahizire

Kuna asubuhi ambazo Gasenyi, mtaa wetu wa Bujumbura, haipo. Unafungua dirisha, unatafuta nyumba ya jirani, unakuta mawingu yameshuka kutoka milimani na kukaa uani kama wageni wasioalikwa. Sauti zinasikika, watu hawaonekani. Mtu anakohoa, kifuniko cha sufuria kinaanguka, mama anaita jina la mtoto, na yote hayo yanakufikia yakiwa laini, kana kwamba yamepitia kwenye pamba. Asubuhi kama hizo sisi tuliozaliwa Buyenzi, kule chini mjini, watoto wa joto, tunafunga milango. Mimi navaa soksi na sweta ya marehemu mume wangu, nakunywa chai ya tangawizi, na sitaki kusemeshwa.

Mpangaji wangu wa chumba cha nyuma alikuwa akizingoja asubuhi hizo kama watu wanavyongoja sikukuu. Mzee Bahizire alikuwa anatoka na boksi lake la mbao kifuani, polepole kwa sababu ya magoti, na katikati ya uwanja wangu alikuwa amekwisha kupanga viti. Si viti vya kukalia. Kazi yake ni kusuka viti, watu wanamletea kutoka Ngagara viti vya zamani vilivyotoboka, naye anavifunga kamba mpya za plastiki. Vile ambavyo havijapata kamba alikuwa anavilaza chini, mgongo kwa mgongo, mpaka vinakuwa ua mdogo wa duara juu ya majani mabichi. Halafu anafungua boksi, anawatoa simbiliki mmoja mmoja.

Kwa asiyewajua, simbiliki ni mnyama wa kufugwa, mfupi, mnene, hana mkia, na akiona chakula anapiga mluzi. Wenye Kifaransa wanamwita kobai. Mimi nilimwita panya, na nilimwita hivyo kwa sauti, siku ya kwanza kabisa, mbele ya mwenyewe. Mzee alinitazama kwa upole ambao ulinitia aibu, akasema, "Apana, Mama Karimu. Huyu iko mutu wa nyumba."

Jina langu ni Adija, lakini kwa kuwa mwanangu wa kwanza ni Karimu, hakuna anayelikumbuka.

Walikuwa watatu. Madume wawili weusi wasio na jina, na jike mmoja wa kahawia mwenye kipaji cha uso cheupe, aliyeitwa Mwamikazi, yaani malkia. Alistahili jina hilo. Alikuwa wa mwisho kutoka kwenye boksi na wa kwanza kula, na wale wawili walimpisha.

Habari zao nilizipata kidogo kidogo, kwa sababu Mzee Bahizire hasimulii, anadondosha. Kwao ni Kabare, Kongo, kule juu ya Bukavu, ambako wanasema ukungu unalala na watu. Alikuwa fundi mwashi. Mkewe, Irène, alipoolewa alikuja na simbiliki wawili kwenye kikapu, zawadi ya mama yake, kama ilivyo kwao: msichana hatoki mikono mitupu. Wale wawili walizaa, na waliozaliwa wakazaa. Vita vilipowatoa kwao, miaka tisa iliyopita, Irène aliacha vyungu, akaacha godoro, akavuka mpaka wa Gatumba kuingia Burundi na kikapu hicho kichwani. Waliishi Kamenge. Huko Irène akaugua, na huko Mzee akamzika. Alipohamia kwangu alikuwa na simbiliki tisa, na hakuwa na picha hata moja ya mke wake.

Ukishangilia baridi bila sababu watu watakucheka, lakini yeye sababu alikuwa nayo. Mwaka wake wa kwanza hapa, mwezi wa tisa, joto lilikuwa la kupasua bati. Chumba cha nyuma hakina dari, kosa ni langu. Kwa wiki mbili simbiliki sita walikufa, mmoja baada ya mwingine, wakiwa wamejinyoosha kifudifudi na midomo wazi. Niliwaona. Mzee aliwafukia nyuma ya choo. Tangu siku ile akawa na elimu yake mwenyewe, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

"Banyama ya kule juu," aliniambia kwa Kiswahili cha kwao, ambamo ndiyo ni njo, "joto njo inabaua. Baridi njo dawa yabo."

"Wallahi, muzee, hata weye unatetemeka."

"Mi minatetemeka na furaha."

Nilimwambia ana kichwa kigumu. Akakubali.

Nikiwa mkweli, nilikuwa napenda kumtazama. Nilikuwa nasimama dirishani na kikombe changu, nikimlaani kwa mdomo, macho yangu hayatoki. Ukungu ulikuwa unapita kati ya miguu ya viti. Simbiliki kwanza walikuwa wanaganda, pua juu, kana kwamba wanasikiliza. Halafu dume mmoja anaruka juu kwa miguu yote minne, bila sababu, anatua ameelekea kwingine, na mwingine anamuiga. Mzee alikuwa akichuchumaa katikati yao na manyunyu yakimkaa kwenye nywele, uso wake umefunguka, macho hayapo hapa. Saa nyingine nilihisi kwamba nikitoka na kumgusa bega, mkono wangu utapita.

"We unaona baridi," aliniambia siku moja. "Mi minaona kwetu."

Akanieleza. Kila alfajiri, miaka zaidi ya thelathini, alikuwa anatoka nyumbani kwake Kabare kwenda kujenga nyumba za watu Bukavu. Anatoka na mwiko wake mfukoni, ukungu umejaa uani, na katika ukungu ule simbiliki wametapakaa kila mahali, ishirini, thelathini, wanakimbia, wanapiga mluzi. Na Irène ameinama na ufagio. Anamwambia, "Niko naenda." Irène anajibu, "Enda na Mungu." Basi. Picha ambayo hakuwa nayo kwenye karatasi, ndiyo hiyo.

Baada ya hapo sikumsema tena. Ningemsemaje?

Mwezi wa nne mwaka huu mvua haikutaka kuisha. Si mvua ya kelele, ni ile nyembamba inayoshuka usiku na mchana mpaka shuka zinanuka na mkate unaota ukungu kwenye mfuko. Siku tatu mfululizo Mzee Bahizire aliwatoa simbiliki wake, asubuhi na tena alasiri, na siku ya tatu aliwaacha nje muda mrefu kuliko kawaida kwa sababu, alisema, klima kama hii, hali ya hewa ya kwao, ilikuwa haijawahi kufika Bujumbura. Nilimwona Mwamikazi amekaa peke yake chini ya kiti kimoja. Harukiruki. Majani yamelowa mbele yake na hayali. Nikadhani ni maringo yake.

Siku ya nne alibisha mlango wangu kabla sijamaliza uradi wangu wa asubuhi. Alikuwa amemfunga Mwamikazi ndani ya koti lake. Manyoya yalikuwa yamesimama, yamegandana kwa unyevu, jicho moja limezibwa na tongo, na kila alipovuta pumzi kulikuwa na mlio mdogo, kama mlango wa kabati. Alikuwa mwepesi kwa kumtazama tu.

"Hajakula tangu jana," Mzee akasema. "Ni ile chumba. Hewa yake iko nzito. Minataka nimurudishe inje, apate hewa muzuri."

"Inje wapi? Hii mvua hauione? Unataka kumumaliza?"

"Mama Karimu, akikufa huyu imeisha. Bale wawili ni bandume. Ya Irène itakuwa imeisha yote."

Alilisema hilo bila kupandisha sauti, na roho ikaniuma. Mimi ni mtu wa kuuza vitambaa, nitajua nini kuhusu simbiliki? Nilichojua ni kwamba asipoambiwa na mtu wa kwao hataelewa. Nikamuuliza kama Irène aliacha ndugu. Akasema yupo mdogo wake, Scholastique, Bukavu, lakini hawajaongea tangu matanga. Nikachukua simu yangu, nikamwambia anitajie namba.

Alo zilikuwa nyingi, salamu zilikuwa ndefu, pole zikapita upande huu na ule. Simu ilikuwa kwenye sauti kubwa, mezani, kati ya vikombe. Mwishowe Mzee akaeleza: Mwamikazi mgonjwa, amemtoa nje kila siku ya baridi, kama ilivyokuwa nyumbani, na hata hivyo hapati nafuu.

Upande wa pili nilisikia kiti kinavutwa.

"Shemeji," Scholastique akasema, "kama ilivyokuwa nyumbani namna gani?"

"Si njo bilikuwa bikikaa mu ukungu? Minabiona kila asubui, miaka yote."

"Shemeji. We uliisha ingia mu jikoni ya dada?"

Mzee akanitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyemuuliza swali la utovu wa adabu. "Jikoni ni ya banamuke," akasema. "Ningeingia kutafuta nini?"

"Basi njo ile. Mule njo bilikuwa bikilala. Karibu na moto, mu moshi, juu ya majani yenye kukauka. Dada alikuwa anabitosha inje wakati wa kufagia tu. Anafagia, anabirudisha, anafunga mulango. Na kukinyesha habitoshe hata kidogo, anabitia mu kikapu anafagia bikiwa mule. Na majani mabichi alikuwa anayaanika kwanza siku moja, sababu yenye maji inabifimbisha tumbo." Akavuta pumzi. "Ulikuwa unapita ile saa ya ufagio, shemeji. Njo yenye uliona."

Kule nje manyunyu yaliendelea kushuka bila haraka. Mzee Bahizire alikuwa ameketi na koti lake mapajani, mdomo umefunguka kidogo, na nilimwona akirudi mbali, akipita tena kwenye ua ule, akitazama tena. Miaka thelathini na zaidi, dakika tano za kila asubuhi. Nilitaka kumkasirikia, sikuweza. Mimi mwenyewe sijui marehemu mume wangu alikuwa anafanya nini dukani kwake kutwa nzima.

Nikasimama. "Twende jikoni," nikamwambia.

Jikoni kwangu ni kibanda cha matofali upande wa pili wa uwanja, na asubuhi ile makaa yalikuwa tayari yameshika, maharage juu. Nilitangulia. Nilipogeuka nikamkuta mzee amesimama mlangoni, maji yanamtiririka kutoka kwenye kofia, koti amelikumbatia. Hasogei. Mguu mmoja aliuinua akaurudisha chini.

"Ingia, muzee."

"Mama Karimu, mi..."

"Bismillahi, ingia! Maharage haitakukula."

Akainama, ingawa mlango wangu ni mrefu, akaingia. Alitazama kuta zilizokuwa nyeusi kwa masizi, miiko, mashada ya vitunguu, akitazama kwa adabu kama mtu aliyekaribishwa kanisani kwa watu wengine. Nikamwonyesha benchi ndogo karibu na moto, inayokaa watu wawili. Nikampa kitenge kikavu. Alimkausha Mwamikazi kuanzia masikioni, taratibu, vidole vile vya fundi mwashi vikipita katikati ya manyoya, na jicho lililoziba akalifuta kwa maji ya uvuguvugu. Mimi nikachukua fungu la majani niliyokuwa nimeyaweka ya kusugulia sufuria, makavu kabisa, nikamtandikia mapajani. Wale madume wawili tuliwaleta na boksi lao tukawaweka nyuma ya gunia la makaa, na kabla ya maharage kuchemka tena walikuwa wamelala, mmoja juu ya mwingine.

Sijui tulikaa muda gani. Moshi ulikuwa mwembamba na wa buluu, ukipanda kwenda kwenye bati na kutawanyika huko. Mvua ilipiga bati kwa vidole vingi vidogo. Nilikata vitunguu, nikaonja chumvi, nikapita mbele yake na nyuma yake. Adhuhuri ikaingia, nikaenda kuswali nikarudi, naye alikuwa palepale. Saa tisa, au karibu nayo, nilisikia sauti ya kitu kinachotafunwa. Mwamikazi alikuwa ameshika jani moja kavu kwa meno na linapungua, linapungua, mpaka likaisha. Akatafuta jingine.

"Alhamdulillahi," nikasema, na nilikuwa nalia kwa ajili ya panya.

Mzee hakulia. Aliniomba simu.

Scholastique alipokea mara moja, bila shaka alikuwa anangoja. Alipiga kelele za furaha, akacheka, akamwagiza asimpe majani mabichi kwa siku tatu na asimtoe nje mpaka jua lirudi. Mzee akaitikia kila neno, eeh, eeh, kama mwanafunzi. Nikadhani sasa ataaga. Hakuaga. Alikuwa ameshika simu mbele ya mdomo wake, akitazama makaa.

"Scholastique," akasema. "Ile saa ya ufagio. Ye Irène, alikuwa anasikia baridi?"

"Sana, shemeji. Kila siku. Wewe ukiisha pita kwenye njia, alikuwa anaacha ufagio, anaingia mbio kukaa kwa moto. Alikuwa anangoja kwanza upite, kusudi umwone."

Mzee Bahizire akaiweka simu chini bila kuizima. Sauti ya Scholastique ikamwita mara mbili, halafu ikanyamaza. Yeye akamshika Mwamikazi vizuri, akasogea kwenye benchi mpaka bega lake likagusa ukuta wa masizi, akaacha nafasi ya mtu mmoja upande wa moto.