Mdai Aliyeketi Kando ya Frigo

Mara ya kwanza Katsuva, mkopeshaji, kukutana na Mama Pétronille, muuza samaki sokoni, alikwenda kununua samaki na akashindwa kupunguziwa hata franga moja. Aliondoka na samaki wa bei kamili, na mama huyo akabaki na ahadi ya mkopo wa kununua frigo, friji ya kuhifadhia samaki. Katsuva alikuwa keshafika kwake Nyakasanza ndipo alipojiuliza ni nani aliyemuuzia mwenzake.

Masharti ya Katsuva yalijulikana: anatoa makuta, yaani pesa, mbele, na kila jioni anapita mezani kuchukua franga elfu kumi mpaka deni liishe. Ukikosa juma zima, frigo inahama. Nusu ya soko ilikuwa imekula makuta yake hivyo, wauzaji kwa wanunuzi.

Ilikuwa amani ile ya kulala na viatu miguuni. Bunduki zilinyamaza, lakini uvumi mmoja tu ulitosha kufunga barabara ya Kasenyi. Ilipofungwa, samaki wa ziwa wakaadimika, na meza ya Pétronille ikaanza kuonyesha mbao zake.

"Papa Katsuva, unipunguzie," alisema jioni moja. "Acha elfu kumi. Ukate moja ya kumi ya kile niliuzisha. Nikiuzisha mingi, utapata mingi."

"Na kila jioni utaniambia umeuzisha mukia."

"Basi kuya ukae hapa, uhesabu weye mwenyewe."

Wazo hilo lilimpendeza. Asubuhi alileta kiti chake cha plastiki, akakiweka kando ya frigo, akakunja mikono.

Marcellin, fundi wa pikipiki, alitokea wa kwanza. Alipomwona Katsuva, akakumbuka shughuli ya haraka upande wa pili wa soko. Agathe wa mgahawa, mnunuzi wa beseni zima kila siku, alipita ameinamisha mwavuli, na mvua hakuna. Mwingine alifika hadi mezani, akaisalimu frigo, akarudi alikotoka.

"Bantu banakukimbia, Papa."

"Banakimbia bei yako."

"Hata moya hayauliza bei."

Hadi mchana Katsuva alikuwa amehesabu samaki wawili waliouzwa. Mmoja alimnunua mwenyewe kwa njaa, bei kamili. Ndipo akatambua kwamba kila aliyegeuka njiani alikuwa mdeni wake.

"Ulijua!"

"Bantu unabadai weye, Papa. Miye nauzisha tu samaki."

Angesema hesabu ile ni ya uongo, ingembidi ataje aliyeiharibu, yaani yeye mwenyewe. Angerudi kesho, angeiharibu tena. Na frigo alizonyang'anya wadeni wengine alikuwa nazo tayari, hazina mnunuzi.

"Moja ya tano," alisema akiinua kiti.

"Moja ya kumi."

"Ya nane, na sikai tena hapa."

"Ya nane," Pétronille alijibu, haraka kiasi cha kumkera.

Deni lilichelewa sana, lakini Katsuva alilipwa lote. Pétronille alibaki na frigo. Agathe hakurudi: alipokimbia siku ile aliangukia meza nyingine, akaona samaki wa huko ni wa bei nafuu.