Teodosia wa Chinongwe na Chungu cha Maji ya Moto

Alizaliwa Naipingo, wilayani Nachingwea, tarehe 29 Mei 1990, katika familia ya Wamakua wakulima wa korosho, akabatizwa Teodosia. Alipofika miaka minne iligundulika ana selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao wengi huuita siko seli. Maumivu ya mifupa yalimlaza kila msimu wa baridi, na shule aliisoma kwa vipande. Lakini kilichomuuma zaidi, alikuja kusema mwenyewe, ni kuachwa nyumbani wenzake walipoingia unyagoni.

Mwaka 2012 alihamia Chinongwe, wilayani Ruangwa, kufundisha katekisimu. Huko aliwatafuta watoto wenye selimundu, Wakristo kwa Waislamu, akawahimiza kunywa maji na kuvaa sweta, na akawagombeza waliowaita wavivu. Alikuwa mkali, na hatuna sababu ya kulificha hilo.

Jaribu lake kubwa lilimjia Julai 2021. Samia, binti wa miaka kumi na miwili mwenye selimundu, alikataliwa unyagoni, akaacha kula. Teodosia alimwendea kungwi, Bi Hadija, akaomba mtoto aogeshwe maji ya moto.

"Mwali anaogeshwa maji ya baridi, mwalimu," kungwi alimjibu. "Sote tuliogeshwa hivyo. Na huyu akinifia, mama yake nitamwambia nini?"

"Mimi sikuchezwa unyago, Bibi. Nina miaka thelathini na moja, na kwenye ngoma bado naambiwa nikakae na watoto. Niogesheni mimi hayo ya baridi, ndipo muamue ya Samia."

Wakamwogesha alfajiri. Jua halijapanda, maumivu yakamwangusha, akalala kitandani siku kumi na moja, Bi Hadija akimkanda miguu. Siku ya kumi na mbili kungwi aliinjika chungu motoni kwa mkono wake, na Samia akaingia unyagoni. Wapo waliosema Teodosia alimjaribu Mungu. Sisi twaamini alijua uchungu wa mtoto yule.

Alifariki tarehe 3 Machi 2024 kwa ugonjwa wa kifua. Wazee walipouliza kama azikwe kama msichana ambaye hakuchezwa, Bi Hadija alisimama. "Tulimwogesha wenyewe," alisema. "Huyu ni mtu mzima."

Hatujasikia kwamba kuna mgonjwa aliyeponywa kaburini pake. Ila kila Julai, Chinongwe, kila mwali huogeshwa maji ya moto, mzima na mgonjwa, asijulikane nani ni nani. Anayetaka kumfuata Teodosia na awahi kuteka maji, awashe moto.