Mbuzi wa Fakihi na Cheti cha Kidato cha Nne

Jua halijapanda sawasawa, na buchani kwa Fakihi Mtopa, Tandika, foleni imeshakunja kona. Fakihi anashusha shoka kwenye kigogo, anafunga nyama kwenye gazeti, anaita anayefuata. Nyuma ya duka, beberu mweupe aliyenona anatafuna majani ya kunde.

"Na yule?" mteja mmoja anauliza, kidole kimeelekea kwa beberu.

"Yule hauzwi," Fakihi anajibu bila kuinua macho. "Yule ni somo."

Foleni inaangua kicheko. Wenyeji wa mtaa wameshamzoea mbuzi huyo, na jina wamempa: Mwanafunzi.

Fakihi, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, alifika Temeke kutoka Lindi mwaka uliofuata Uhuru, akiwa amemaliza darasa la nane. Mjomba wake alimtia kwenye biashara ya nyama, na hajatoka. Kila alfajiri husimama machinjioni kumngoja mkaguzi agonge muhuri, ndipo aruhusiwe kuchukua mzigo wake.

"Nimengoja muhuri wa wenzangu mpaka nikajiuliza, kwani mie mkono sina?" anasema.

Alipokwenda kuulizia mafunzo ya ukaguzi wa nyama, aliambiwa kwanza alete cheti cha kidato cha nne. Akajiandikisha darasa la jioni la watu wazima. Hesabu hazikumsumbua, Siasa aliipenda, yeye na Kiingereza wakawa wanavumiliana.

Kilichomkwamisha ni sharti la kazi ya kujitegemea. Kila mtahiniwa wa darasa lao hutakiwa awe na kazi ya mikono, mtathmini aje kuiona, na alama zake zijumlishwe na za mtihani. Wenzake walilima mchicha mabondeni. Fakihi, asiye na hata tuta moja, alimwomba mwalimu wake, Apolinari, bucha ihesabiwe.

Mwalimu alitafakari, kisha akatikisa kichwa. "Bwana Fakihi, kazi yako wewe ni kumaliza mifugo. Sie tunataka ya kukuza."

Ndivyo muuza nyama alivyonunua mwanambuzi, na mtu aliyezoea kunoa visu akawa anaamka kumwomba Mungu mnyama asikohoe.

Mambo yaliharibika alipokuja mama mkwe wake, Bi Somoe, kutoka Mchinga. Bibi huyo alimwona beberu kabla hajatua hata mzigo, akatabasamu, akajua amekaribishwa. Jioni akaletewa maini. Kesho yake, steki. Siku ya tatu akamwita binti yake, Tabu, akamuuliza kama mumewe ana ugomvi naye, maana nyama ya dukani ni ya wateja, mkwe huchinjiwa.

Tabu alimweleza habari za mtihani. Bi Somoe alisema hajapata kusikia mbuzi wa kusomea, na kwamba haondoki mpaka amle.

Akakaa. Na kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, akaanza kumkatia majani mbuzi huyohuyo aliyekuwa akisubiri kumla. Mwezi haukwisha beberu akawa anamfuata bibi hadi kisimani.

Mtathmini, Bwana Benedikto, alipofika, Fakihi alikuwa ameoga na kuvaa shati la Idi. Haikusaidia. Mbuzi alinusa mikono ya Fakihi, ambayo bado ilinuka damu, akakata kamba, akakimbilia nyuma ya Bi Somoe. Fakihi akaita kwa upole, akaita kwa ukali, akatupa majani. Beberu akamwonyesha mkia.

Bwana Benedikto akashusha kalamu, akauliza mtahiniwa ni nani hasa kati yao.

Fakihi alimtazama mkwewe, naye mkwe akamtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kulisha nalisha mie, siku hizi," Bi Somoe akasema. "Lakini huyu bwana anachinja kila siku, na mie mkwewe nimemkalia hapa nikimdai nyama, na mbuzi yuko hai. Kama hiyo si kazi, baba, basi sijui kazi ni nini."

Mtathmini alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Fakihi akapewa alama za kutosha.

Mtihani ni mwezi ujao. Akifaulu, Fakihi anataka aanze mafunzo mwakani, na bucha amwachie Tabu, ambaye anasema tayari anajua kukata kuliko yeye.

Bi Somoe bado yupo. Yeye naye ana mpango wake, na haufichi: "Akifaulu tutachinja kwa furaha, akifeli tutachinja kumfariji. Mie nasubiri matokeo."

Lakini Tabu anasimulia kwamba Jumapili iliyopita alimkuta mumewe kwenye mnada wa mifugo wa Pugu, akizunguka kwa siri kutafuta beberu mwingine mweupe, wa kufanana na huyu.