Mguu wa Mwashi

Mimi ni mkandaji, na simwamini mtu. Si roho mbaya, ni kazi imenifunza. Miaka ishirini na saba nimeshika migongo ya wapagazi na shingo za madereva, na karibu wote wananidanganya. "Nafanya mazoezi, mama." Mazoezi yapi? Nikikubonyeza paja mara moja tu, najua.

Msuli ni nyuzi. Nyuzi nyembamba kuliko nywele, zimefungwa mafungu mafungu kama kamba, na ncha zake zinakuwa kano zinazoshika mfupa. Kazi yake ni kuvuta, hausukumi kamwe. Ndiyo maana misuli imewekwa miwili miwili: wa mbele ukivuta, wa nyuma unalegea, na mguu unanyooka. Usipoutumia unanyauka, ukiutumia unajaa. Mwenye nao atasema atakavyo, wenyewe haudanganyi.

Basi nikaitwa kwa mwashi mmoja, mjane, aliyeanguka kutoka jukwaa la ujenzi akavunja mguu wa kulia. Plasta ilishatolewa, mfupa umeunga, lakini yeye kitandani tu. "Mama mkandaji, mguu huu umekufa." Binti yake wa pekee ndiye aliyempikia, akamwosha na kumshika mkono kwenda chooni, kabla ya kwenda dukani anakouza na baada ya kurudi. Na binti huyo alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, mji wa mbali. Aripoti Jumatatu ya mwisho wa mwezi, la sivyo anapewa mwingine.

Kila Jumatano nilipima unene wa mapaja: nilizungusha uzi mweusi shibiri moja juu ya goti, nikapiga fundo. Wiki ya kwanza paja la kulia lilikuwa jembamba kuliko la kushoto kwa vidole viwili. Wiki ya tano tofauti ilibaki nusu kidole tu.

"Baba, mguu unajaa," nikamwambia.

"Uvimbe huo, mama."

Uvimbe! Uvimbe ukiubonyeza unaacha shimo. Ule ulirudisha kidole changu kama mpira. Machale yakanicheza. Nikamshuku mwashi, nikamshuku hata binti: pengine ndiye anayeogopa kwenda, anajificha nyuma ya baba yake.

Jumatano ya sita nilifika mapema. Pale mlangoni kulikuwa na ngazi moja iliyomeguka, nami kila nikija najikwaa na kutukana kimoyomoyo. Siku hiyo sikujikwaa. Nikainama. Saruji mpya, kingo zimenyooka, pembe kali, juu pamelainishwa kwa mwiko.

"Nani katengeneza hapa?" nikamuuliza binti, aliyekuwa anachota maji.

"Nilikuta hivyo juzi nikitoka kazini. Nadhani mwenye nyumba."

Mwenye nyumba! Yule aliyeacha paa livuje misimu mitatu?

"Leo naandika barua, mama," akasema taratibu. "Nawaambia siendi. Baba nitamwachia nani?"

Nikaingia ndani na hasira zangu. Nikaushika mguu, mkono mmoja kwenye kifundo, pale mshipa unapopiga.

"Binti yako anaandika leo kuwa haendi," nikasema.

Mshipa ukaanza kwenda mbio. Moyo nao ni msuli, ila huo haumsikilizi mtu. Paja alikuwa amelilegeza vizuri, mzee wa watu, lakini moyo angeuambia nini?

"Hivi, fundi, ile ngazi umeinyoosha kwa pimamaji au kwa jicho tu?"

"Jicho! Pimamaji ya nini kwa ngazi moja?" Alijibu kwa haraka, kidevu juu, fundi kabisa. Kisha akafumba mdomo.

Njia ya mwongo fupi. Nilipogeuka, binti alikuwa mlangoni na beseni la maji ya moto.

"Unatembea, baba?"

Akainamisha kichwa. "Ulijikwaa pale na ndoo, goti likatoka damu. Nikashindwa kuiacha ngazi vile."

"Nimekuuliza, unatembea?"

"Ukienda, mimi nabaki na kuta, mwanangu."

"Wiki sita," akasema binti. "Wiki sita nakuosha miguu kama mtoto." Akalitua beseni, maji yakamwagika, akatoka. Nilimwonea uchungu yule msichana.

Barua hakuiandika. Jumapili, siku moja kabla ya kuripoti, nilikwenda kumuaga binti. Mwashi alilibeba sanduku mwenyewe, na binti alitangulia kuelekea barabarani bila kumtazama. Tangu siku ile hakumsemesha neno. Baba mtu alipofika kwenye ngazi ile, mguu wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwashi akasimama, sanduku mkononi, jasho linamtoka.

Binti akageuka. Akautazama mguu, kisha akanitazama mimi, kwa jicho ninalolijua, maana ni langu.

"Mama, mtetemo huo ni wa kweli?"

Nikapeleka mkono pajani. Nyuzi zilikuwa zinarukaruka chini ya vidole vyangu, zimechoka kabisa.

"Wa kweli, mwanangu."

Akarudi, akashika upande mmoja wa sanduku.