Majina Yetu Hayakufika Masasi

Nianze kwa kujisifu, maana huko mbele sitapata nafasi. Mimi nimecheza netiboli. Nilicheza robo moja ya mchezo nikiwa kidato cha pili, baada ya mlinzi wetu kuteguka kifundo cha mguu na mwalimu kutazama benchi akaniona nimebaki peke yangu. Katika dakika zile kumi na tano niliudaka mpira mara mbili, na mara moja kati ya hizo mbili nilimpasia mtu wa timu nyingine. Kwa uzoefu huo nimekuwa kocha wa wanawake hapa Newala kwa miaka tisa.

Sifa yangu ya pili ni kusoma. Chochote kilichoandikwa juu ya wanawake na michezo kikipita karibu yangu, nakidaka vizuri kuliko nilivyowahi kudaka mpira. Najua kwamba kulikuwa na wakati wakubwa wa michezo duniani waliwafungia wanawake mbio ndefu, wakidai mwili wa mwanamke hauwezi. Najua pia hadithi za bibi yangu, aliyelelewa misheni upande wa Chiwata, kwamba wao walicheza mpira wa pete kwa sketi za kufagia vumbi, na pete yenyewe ilikuwa kikapu kilichofungwa kwenye mkorosho. Goli likiingia, mtu anapanda kuutoa mpira, na wenzake wanatazama pembeni kwa heshima. Mambo haya nilikuwa nikiwahutubia wachezaji wangu kabla ya mazoezi, wao wamesimama na jua linapanda. Walikuwa wameamka alfajiri kuwahi foleni ya maji, wengine wametoka Chilangala kwa miguu, halafu wananisikiliza mimi nikiwaeleza kwamba mwanamke ana nguvu.

Mfungaji wetu alikuwa mmoja wa hao wa Chilangala. Mrefu, mkimya, mama wa watoto watatu, mkulima wa korosho. Hakuwa na mbwembwe hata kidogo. Akipata mpira chini ya pete alitulia kama mtu anayechagua nyanya sokoni, kisha anaurusha, na sisi sote tunarudi katikati kuanza upya. Kwa miaka tisa sikumfundisha kitu. Nilikuwa nasema "vizuri", naye anaitikia "asante, Mwalimu", na kwa maneno hayo mawili nikajihesabu kuwa ndiye niliyemtengeneza.

Alitaka jambo moja tu, kuvaa jezi ya mkoa. Aliniambia siku moja tukikunja jezi, bila kunitazama, kama mtu anayekiri kosa. Mwaka ule mashindano ya wanawake yalipangwa Masasi, na huko ndiko wachaguzi wa timu ya mkoa wangekaa na daftari lao. Walitaka wachezaji wasiozidi miaka thelathini na mitano. Yeye alikuwa ameitimiza Pasaka. Kwa hiyo ilikuwa Masasi mwaka ule, au basi tena.

Nilijipa kazi ya kwenda kumwombea ruhusa kwa mumewe, ingawa hakuna aliyenituma. Nilimkuta uani anafunga mashine ya kupulizia salfa, maana mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua. Nikamsalimu, nikakaa, nikaanza. Nilimweleza habari za mbio ndefu, za misheni, za kikapu juu ya mkorosho. Nilisema haki mara nyingi. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika spana.

"Mwalimu," akasema, "viatu nishannunulia. Salfa ntapuliza mwenyewe. Mi nauliza gari tu. Mnakwenda na gari gani?"

Hilo la gari sikuwa nimelifikiria. Ni yeye aliyetutafutia Fuso la jirani yake.

Baada ya hapo nilibakiwa na kazi moja: kupeleka majina kumi na mawili na picha ndogo kumi na mbili kwa katibu wa mashindano kule Masasi, kabla ya siku ya kufunga. Mtu mwingine yeyote angeimaliza jioni moja na chai ikiwa bado ya moto. Mimi niliona ni aibu majina kwenda yakiwa matupu. Nikaamua kuyaandikia dibaji. Niliipa kichwa cha habari kirefu, juu ya mwanamke na mchezo katika uwanda wa Makonde tangu enzi za misheni hadi leo, nikapiga mstari chini yake kwa rula. Ukurasa wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili nikaurudia mara tatu. Kwenye wa nne nilikwama kwa siku sita nikitafuta neno zuri la kumalizia, na wakati wote huo majina yalikuwa yamelala kwenye droo yangu ya mezani, yamebanwa kwa pini pamoja na picha. Usiku nililala nikimwona mgeni rasmi akiisoma dibaji ile kwenye kipaza sauti, na watu wakiulizana nani ameandika.

Sasa lazima niseme habari za huyo katibu. Yeye ni Mmakua na mimi ni Mmakonde, kwa hiyo ni mtani wangu, na utani huo sikuuchagua, niliukuta. Anaweza kuja kwenye msiba wa kwetu akajilaza kwenye kaburi lililo tupu akadai limechimbwa dogo, na sisi tunatakiwa kumbembeleza kwa zawadi atoke. Kukasirika hakuruhusiwi, ukikasirika umeshindwa. Mwaka mmoja kabla ya mashindano hayo, siku moja kabla ya mchezo wa kirafiki, alinipigia akasema uwanja umehamishiwa Chidya. Nikaondoka na timu nzima alfajiri, na huko tukamkuta mzee mmoja anafunga mbuzi wake, akatuuliza kama tumefiwa. Watu wa Masasi walicheka mwezi mzima. Nikaapa kwamba mtu huyo hatanidanganya tena hata akiniambia leo ni Jumanne.

Basi tukiwa mazoezini, wanawake wamekaa chini wanakunywa maji, simu ikaita. Nikaona ni yeye, nikaweka sauti kubwa ili wote wasikie, maana utani bila watazamaji haunogi.

"Mtani, majina yenu sijayaona. Kesho saa sita mchana nafunga daftari."

"Funga, ntani wangu," nikasema, "na mdomo wako ufunge humo humo, panya wasitoroke."

Wakacheka.

"Mtani, leo sitanii."

"Hata ile ya Chidya hukutania!"

Hapo walicheka mpaka mmoja akamwaga maji. Yule bwana akangoja kicheko kiishe, akasema, "Haya, mimi nimesema," akakata. Kesho yake asubuhi akatuma ujumbe: saa sita nafunga. Nikamjibu kwa picha ya panya wa porini waliochomwa vizuri, wale tunaowaita samaki nchanga, ambao huku kila kabila linadai wanaliwa na kabila la jirani. Nilijiona mjanja. Nikarudi kwenye ukurasa wa nne, nikiamini majina yatapokelewa hata siku yenyewe ya mashindano.

Siku ya safari tulishuka Masasi tukiimba. Nilikuwa na majina mkononi na dibaji juu yake, ndani ya bahasha mpya, niyakabidhi kwa mkono mbele za watu. Katibu alikuwa amekaa mezani chini ya turubai. Aliponiona hakutania, akasimama kabisa.

"Mwalimu," akasema. Hakusema mtani. "Nilikupigia. Nikakuandikia. Ratiba imeshapangwa, timu zimejaa, barua ya mkoa imetoka. Nifanyeje mimi?"

"Nilijua unatania."

"Kwenye daftari la mkoa?" akaniuliza, na nadhani yeye alikuwa na huzuni kuliko mimi. "Msibani nakutania. Harusini nakutania. Daftari la mkoa, mwalimu!"

Nilipaswa kurudi kwenye Fuso niseme ukweli. Ni hatua thelathini hivi kutoka kwenye turubai. Katika hatua hizo thelathini mimi, mjukuu wa mwinjilisti, nilitunga uongo kamili na kuupiga pasi. Niliwaambia kwamba majina yetu yamechezewa, kwamba kuna fitina, kwamba watu wa Masasi wanatuogopa. Waliniamini mara moja. Wakanipa pole, mmoja akaninunulia soda, nami nikainywa.

Wakati wa mapumziko ya mchana, uwanja ulipokuwa wazi, mfungaji wetu alichukua mpira akaenda peke yake kwenye pete na viatu vyake vipya, akaanza kufunga. Hakuwa akijionyesha. Nadhani alishindwa tu kukaa. Mpira ulipanda na kuingia, akaufuata, akarudi, ukaingia tena, mara hii kutoka mbali zaidi, mpaka watu waliokuwa wanakula wali wakaanza kugeuza viti. Mama mmoja mtu mzima mwenye daftari kifuani, mmoja wa wachaguzi, akaja akasimama karibu yangu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Yule ni wa timu gani?"

"Wa kwetu, Newala."

Akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye karatasi kutoka juu hadi chini, kisha akarudi juu tena. "Mbona hayumo?"

Nikasema kulikuwa na makosa kwa wahusika. Kiswahili kina msamiati mzuri sana wa kuficha mtu.

"Makosa mabaya," yule mama akasema. "Angekuwemo ningekuwa nimeshamwandika." Akafunga daftari, akaenda kumalizia wali wake. Nilibaki nimesimama na bahasha yangu kwapani, na ndani yake kurasa nne juu ya wanawake waliozuiwa kucheza.

Jioni tulipanda gari kurudi. Wachezaji walikuwa wameshageuza maneno ya nyimbo za asubuhi, sasa wanawaimba watu wa Masasi kwa ubaya, na mimi ndiye niliyetakiwa kuitikia. Nikaitikia. Tulipofika kwenye mlima wa kuingia juu uwandani Fuso likaanza kukohoa, na dereva akatuomba tushuke tupande kwa miguu, apunguze uzito. Jua lilikuwa bado halijazama. Wote wakatangulia kwa kundi, wakiimba, na mfungaji wetu akabaki nyuma kunisaidia kubeba begi la jezi, kwa sababu alinionea huruma ninavyohema.

Hilo la kubebewa begi ndilo lililonishinda. Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, kwa kuanzia katikati, lakini nilifika mwisho: hakuna fitina, majina hayakuchezewa, sikuyapeleka.

Akatembea hatua kadhaa. "Najua kwamba katibu alipiga simu," akasema. "Nilikuwepo. Nilikaa pale karibu na mguu wako."

"Na ulicheka," nikasema, na Mungu anisamehe, nilikuwa natafuta mwenzangu wa kosa.

"Nilicheka, Mwalimu. Nilicheka kuliko wote. Nilijua umeshayapeleka."

Nilitaka kulia ila niliona nitakuwa namwibia na hicho kilio, maana kilikuwa chake. Akahamisha begi kwenye bega lingine.

"Uwaambie na wenzangu," akasema. "Kabla hatujafika juu. Wanawatukana watu bure."

Nikaanza kukimbia. Nasema kukimbia kwa sababu ndivyo nilivyokusudia. Ng'ombe aliyefungwa pembeni mwa barabara hakuona haja hata ya kuinua kichwa. Nikawafikia kwenye kona ya mwisho, nikawazuia kwa mikono miwili, pumzi zinanikatika, nikasema kila kitu. Nikasema si Masasi, ni mimi. Nikasema majina yalikaa kwenye droo yangu yakingoja dibaji, na dibaji yenyewe hii hapa, nikaitoa kwenye bahasha nikawaonyesha.

Wakacheka. Walicheka mpaka wakashikana mabega, mmoja akakaa kabisa juu ya jiwe akijipiga magoti. "Mwalimu we!" wakasema. "Eti dibaji! Ntu anaweza kufa kwa maneno yako!" Walijua nawatania, kama tulivyotania miaka yote tisa, na mimi nilisimama pale na karatasi mkononi nikiwatazama wakifurahi.

Kisha mfungaji akafika na begi begani. Yeye hakucheka. Wakamwona usoni, vicheko vikakatika kimoja kimoja, hadi ikabaki sauti ya Fuso likipanda nyuma yetu.

"Rudia, Mwalimu," akasema.

Nikarudia.